Picha za usiku: stendi kwanza, kamera baadaye

Anayetaka kuanza kupiga picha za usiku huuliza swali lile lile: ninunue kamera gani? Mimi humwambia anunue stendi. Usiku mwanga ni haba, kwa hiyo shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, lazima ikae wazi sekunde 5, 10, pengine 30, na hakuna mkono unaotulia muda wote huo. Kamera ya mamilioni ikishikwa mkononi kwa sekunde 10 itatoa picha iliyovurugika, sawasawa na ya simu ya kawaida. Iweke simu hiyo juu ya kitu kisichotikisika, na taa za magari kwenye Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam zitageuka mistari myekundu na myeupe inayokata bahari.

Nimepanga orodha hii kama ningekuwa namshauri mdogo wangu, kuanzia kitu kitakachomfaa zaidi hadi kile anachoweza kukisubiri. Bei sizitaji. Kariakoo zinatofautiana duka kwa duka, Luthuli Avenue ya Nairobi nako hivyo hivyo, na muuzaji akishajua unachotaka zinapanda mbele ya macho yako.

Namba moja: stendi ya miguu mitatu

Ukiingia dukani ukasema unataka tripodi, utaletewa ile ndefu nyeusi yenye kichwa cha plastiki, mkono mmoja wa kuelekezea, na vyuma vyembamba vinavyounganisha miguu katikati. Ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa sababu inatosha kubeba taa ya duara na simu ya kurekodia TikTok ndani ya chumba. Nje usiku, hasa pwani msimu wa kusi, inatikisika hata upepo ukiwa mdogo. Iache.

Unayoitaka ni ya alumini, kichwa chake cha mpira wa chuma unaokazwa kwa skrubu, na kichwa hicho kiwe kinafunguka, ili siku kikiharibika ubadilishe kichwa peke yake. Usiamini kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Ifanyie majaribio mawili pale pale dukani. Kwanza vuta miguu yote hadi mwisho, kaza kila kitu, kisha shika kichwa kwa mikono miwili ujaribu kukizungusha kushoto na kulia. Miguu ikijinyonga, asante, twende duka jingine. Pili, funga kamera au simu yako juu yake, elekeza kwenye bango la ng'ambo ya barabara, kuza picha kwenye kioo mpaka herufi zijae, halafu gonga mguu mmoja kwa kidole. Herufi zitacheza. Zikitulia kabla hujahesabu mbili, hiyo ni stendi. Zikiendelea kucheza ukiwa umefika nne, hicho ni kitu cha kutundikia taa.

Angalia pia miguu imegawanyika vipande vingapi. Ya vipande vitatu huwa imara kuliko ya vitano vya unene ule ule, kwa kuwa kile cha mwisho huwa chembamba mno. Nguzo ya katikati isikuvutie hata kidogo. Ukiipandisha umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Ndoano ya chini ya nguzo, kwa upande mwingine, ina kazi kweli: unatundika begi lenye chupa za maji, begi liguse ardhi kidogo ili upepo usilibembeze. Vifungo vya miguu viko vya aina mbili, vya klipu na vya kuzungusha. Kwa anayepiga picha ufukweni napendelea klipu, maana mchanga ukiingia kwenye vile vya kuzungusha unasaga nyuzi zake polepole. Vyovyote utakavyochagua, ukirudi kutoka baharini osha miguu kwa maji baridi ya bomba, ikaushe ikiwa imefunguliwa. Chumvi ya bahari haina huruma na alumini.

Za kaboni ni nyepesi na ni ghali. Kama unapanda Usambara au Meru na begi mgongoni, utaniombea dua. Kama unaegesha gari Coco Beach na kutembea hatua chache, pesa hiyo ihamishie kwenye lenzi.

Wenye simu wana njia nyingine nzuri, ile stendi ndogo ya mezani yenye kishikio cha simu. Mji Mkongwe wa Zanzibar inatosha kabisa, kwa kuwa vichochoro vyenyewe vimekujengea stendi: kila baada ya nyumba kadhaa kuna baraza la mawe ambalo halijatikisika kwa miaka mingi. Unaiweka pale, unamsalimu mzee aliyekaa, unapiga. Nina sababu nyingine ya kuipenda hii ndogo. Stendi kubwa mjini huwaita walinzi. Ukiifungua karibu na bandari, kambi, Ikulu au daraja utaulizwa kibali, na mlinzi hatajali kwamba umefuata taa tu, kwa hiyo uliza kabla ya kuweka. Zile zenye miguu ya kujikunja, za kuzungushia kwenye matawi, zinafaa simu tu. Kamera nzito huzilegeza kidogo kidogo shata ikiwa bado wazi, nawe huoni mpaka ufike nyumbani.

Rimoti ya kubofyea si lazima. Kamera na simu nyingi zina kihesabu cha sekunde 2, kinatosha kuondoa mtikisiko wa kidole. Lenzi yenye kizuia mtikisiko, kizime ikiwa kwenye stendi.

Namba mbili: lenzi yenye tundu kubwa

Kwa mwenye kamera tayari, hapa ndipo pesa inapoonekana kwenye picha. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya 18-55mm, hufunguka f/3.5 ukiwa kwenye 18 na f/5.6 ukivuta karibu; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6. Pale palipohitaji sekunde 1, sasa unapiga kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Na penye sehemu ya kumi, unapata moja ya mia, ambayo mkono unaiweza. Ndiyo lenzi ya Forodhani: muuza mishikaki ameinamia jiko, moshi unapanda kupita taa, uso wake umewaka upande mmoja kwa makaa. Hapo huhitaji stendi wala flashi, na flashi ingeua kila kitu.

Canon ana EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, nayo ni miongoni mwa lenzi zake za bei ya chini. Nikon ana DX 35mm f/1.8G. Wenye Nikon za ngazi ya D3000 na D5000 wawe macho: kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila S haziwezi kufokasi zenyewe. Kwa nyota si tatizo, utafokasi kwa mkono. Kwa mishikaki ni tatizo.

Nyota ni hesabu nyingine. Dunia inazunguka, na shata ikikaa wazi mno nyota zinakuwa vijistari virefu. Ili kujua sekunde za mwisho za kuacha shata wazi, wapiga picha hugawanya 500 kwa milimita za lenzi, lakini kwa kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga) kwanza zidisha milimita hizo kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Kwa hiyo 50mm kwenye Canon ya kawaida inakuwa 80, na 500 ukigawanya kwa 80 unapata sekunde 6 tu. Ile 18mm ya bure uliyopewa na kamera inakupa sekunde 17, na sehemu kubwa zaidi ya anga inaingia. Ndiyo maana anayetaka anga zaidi kuliko watu ningemwambia asinunue 50mm hata kidogo, atumie aliyonayo mpaka aweze kununua lenzi pana kama Samyang 14mm f/2.8, ambayo fokasi yake ni ya mkono.

Kwa lenzi iliyotumika, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili. Nyuzinyuzi nyeupe zinazosambaa kama mizizi ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa pwani. Vumbi kidogo halina neno, kuvu usilinunue.

Namba tatu: tochi mbili

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho kinachotenganisha picha ya usiku ya kila mtu na yako. Shata ikiwa wazi sekunde 20, unatembea gizani na kumulika mbuyu kutoka ubavuni, sekunde 3 upande huu, 2 upande ule, ukifuata magome yake kwa mwanga. Ukimulika ukiwa umesimama nyuma ya kamera mti unakuwa bapa. Ukisimama ubavuni, kila mkunjo wa gome unapata kivuli chake.

Nunua moja inayopunguzika mwanga, isiwe ile ya kupofusha mbwa. Ya pili iwe ya kichwani yenye taa nyekundu, kwa sababu macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe mmoja unakurudisha mwanzo. Kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia: tochi nyingi za LED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka sana. Ukichora mstari hewani kwa tochi kama hiyo, kwenye picha utatoka nukta nukta. Ipunguze mwanga, ipunge haraka mbele ya macho yako dukani. Ukiona nukta, chagua nyingine, au ichukue ukizipenda nukta.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakusaidia kupanga safari. Tarehe 27 hadi 2 giza ni totoro, nyota zinajaa. Tarehe 13 hadi 15 mwezi ni mpevu, unaweza kuacha tochi nyumbani, mbuyu ukamulikwa na mwezi wenyewe. Juni hadi Agosti kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaovuka anga, kinapita juu angani saa za jioni na usiku, na sehemu kubwa ya bara mvua zimekatika.

Namba nne: kamera iliyotumika

Sasa ndiyo kamera. Usihangaike na toleo la mwaka huu. Canon 6D ya 2012 na Nikon D750 ya 2014 zina sensa kubwa na bado zinafanya kazi nzuri gizani. Sony a6000 ya 2014 ni ndogo na nyepesi. Chochote utakachochagua kiwe na mpangilio wa M (unaochagua kila kitu mwenyewe), faili za RAW (picha ghafi kwa ajili ya kuhariri), shata ya sekunde 30 na Bulb (shata inabaki wazi mpaka uifunge).

Ukiwa kwa muuzaji, funika lenzi kwa kifuniko chake, weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, piga sekunde 30, kisha kuza picha hiyo nyeusi. Nukta chache za rangi ni kawaida. Zikitapakaa, sensa imechoka. Betri ya pili idai humo humo kwenye bei.

Namba tano: simu mpya

Inashika mkia kwa sababu simu uliyonayo huenda inatosha ikipata stendi. Ukiamua kununua, tafuta yenye hali ya usiku inayotambua kwamba imetulia: iPhone kuanzia ya 11 huweza kufika sekunde 30 zikiwa kwenye stendi, na Pixel kuanzia ya 4 zina hali maalumu ya nyota. Kwa nyingine fungua hali ya Pro mle dukani uone kama shata inabadilika. Baadhi ya simu za bei nafuu zimeandikwa Pro lakini ndani kuna ISO na rangi tu.

Vya kuacha

Vichujio vya kuondoa mwanga wa mji vilifaa enzi za taa za barabarani za njano. Taa za LED vinazipunguza kidogo mno. Na stilwaya ya kuzungusha ikitoa cheche, wanayoiga vijana mtandaoni: ile isiyoshika kutu ya kuoshea masufuria haiwaki vizuri, inayowaka ni nyuzi laini za chuma cha kawaida, na cheche zake zinaruka mbali zikiwa bado moto. Popote penye paa la makuti au nyasi za kiangazi usiiwashe, hata kama mwenyeji amekuruhusu.