Archer C6: soma anwani kabla hujailaumu ruta

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hii mnayoiona mezani ni Archer C6, ruta ya TP-Link. Antena nne, na nyuma kuna matundu matano ya kebo, yote ya gigabiti. Kasi tutaizungumza baadaye. Kwanza tuingie intaneti, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tazameni haya matundu. Hili moja limetengwa na wenzake, limeandikwa WAN. Kebo inayotoka kwenye modemu inaingia hapa. Manne yaliyobaki ni ya vifaa vyako vya ndani.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter. Yasikutishe hayo maandishi mengi, wewe tafuta anwani ya IPv4 tu, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yako kwenye mtandao. Yangu hii hapa, inaanza na 192.168.0, maana yake ruta imenigawia. Ukiona yako inaanza na 169.254, simama hapohapo. Kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Pengine kebo imelegea, pengine DHCP, ile huduma inayogawa anwani, imezimwa kwenye ruta. Usihangaike kumpigia mtoa huduma, shida iko humo humo ndani kwako.

Anwani iko sawa lakini kurasa hazifunguki? Andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni seva ya Google. Majibu yakirudi, intaneti unayo. Kagua DNS, ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Nakipenda sana kipimo hiki, kwa sababu sekunde chache tu zinakuonyesha pa kuanzia.

Yasiporudi, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1, ingia kwenye ukurasa wa ruta, uangalie hali ya intaneti. Anwani ya hapo ikisoma 0.0.0.0, ruta yenyewe haijapata anwani kutoka nje. Watoa huduma wengine huigawa moja kwa moja, wengine wanatumia PPPoE, yaani njia ya kuunganishwa kwa kuingia na akaunti, na hao ni lazima wakupe jina la mtumiaji na nywila. Usibahatishe, waulize. Ukurasa wenyewe, niseme ukweli, umepangwa vizuri; hata anayeufungua kwa mara ya kwanza hapotei.

Haya, kasi. Ile AC1200, daraja la kasi ya ruta hii, ni megabiti 300 kwa sekunde za bendi (masafa ya waifai) ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz zikijumlishwa na kukadiriwa juu kidogo. Simu yako inatumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo usitegemee 1200. Ukiwa chumba kimoja na ruta, shika 5 GHz. Kuta zikiwa nyingi, 2.4 inafika mbali zaidi.

Kwa matumizi ya nyumbani mimi naipendekeza. Ila ukishaunganisha, badilisha ile nywila ya waifai iliyobandikwa chini ya ruta siku hiyohiyo. Yeyote anayeigeuza anaisoma.