Garaji ya mashine nzito, njia ya Likasi: hapa banapima kwanza

Benye kuwa na mashine ya shantie hapa Lubumbashi, hii garaji mi naipatia nyota ine. Peleteze yetu, ile mashine ya kuchimbula udongo, ilikuwa inaonyesha moto inapanda mpaka alarme inalia na motere inapunguza nguvu, fundi wa kwanza alisema paka kulase (kile kichwa cha juu ya motere) imekufa, lete feza.

Fundi wa hii garaji hakugusa hata bulo moya. Aliangalia maji ya radiatere, akapima kulase na termometre ya laze: digri 84, na ekra ya mashine inasema 118! Basi motere haikuwa na moto ya kweli. Njo akatosha fishi ya kapteri (kile kidude kinapima moto ya maji ya motere), ekra ikashuka chini kabisa, akaunganisha nyaya mbili za ile fishi na kipande ya waya, ikapanda juu, basi nyaya na ordinatere ya mashine ni bizima. Akatumbukiza kapteri mu maji ya moto na kuipima na multimetre (chombo ya kupima umeme), ohm, ni kusema vile kapteri inazuia umeme, zilipashwa kushuka polepole vile maji inapata moto, zenyewe zinaruka-ruka tu, ovyo. Kapteri mupya, bei ya kawaida, mashine ikarudia kazi.

Nyota ya tano nimekatala juu ya kungoja, na fakture banaandika na mukono haisomeke. Mufike asubui mapema.