Bomba la chuma la kuchukulia mchanga wa matuta: imara, ila mfuniko hauaminiki

Matuta mengi ya Kalahari leo yameota nyasi na miti, lakini zamani jangwa lilipotanuka yalikuwa mchanga mtupu unaosukumwa na upepo. Kujua yalitulia lini, maabara hupima ni muda gani umepita tangu punje za kwatsi, madini ya kawaida ya mchanga, zione jua. Zikiona jua tena kabla ya kupimwa, umri unafutika. Ndiyo kazi ya bomba hili: kipenyo sentimita 5, urefu 25, ukingo mmoja umenolewa.

Linalishinda kwa mbali bomba jeupe la plastiki la duka la vifaa vya ujenzi, ambalo hupitisha mwanga na kupasuka kwa nyundo. Kwangua kwanza ukuta wa shimo ulilochimba kwenye tuta, shindilia plastiki nyeusi ndani ya bomba upande wa ukingo mkali, kisha gonga mpaka mchanga uisukume hadi mwisho. Lisipojaa, safarini punje za ncha zilizopigwa na jua huchanganyika na za katikati, na umri hutoka mdogo kuliko halisi.

Mfuniko ndio kero. Joto likipanda hulegea na unyevu hutoroka. Unyevu hupunguza mnururisho wa ardhini ambao maabara huutumia kukokotoa umri, hivyo ikidhani mchanga ulikuwa mkavu, umri hupungua tena. Ongeza karatasi ya aluminiamu na utepe mpana, mizunguko mitatu.

Epuka njia za mchwa, maana hao huchanganya tabaka. Na bomba moja kwa tuta zima? Utapoteza nauli bure. Chukua kila mita moja kwenda chini.