Ziara ya mtandaoni ya makumbusho ya ndege za kivita Dayton: uzoefu wangu nikiwa Entebbe

Kama nyumbani kwako kuna kijana anayesomea ufundi wa ndege, au mzee aliyewahi kutumikia jeshi la anga, mfungulie ziara ya mtandaoni ya Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani. Makumbusho yenyewe yako Dayton, jimbo la Ohio, yana ndege na makombora zaidi ya 350, na kuingia ni bure hata kwa anayefika kwa miguu yake. Mtandaoni ni bure pia: hujisajili, hulipi, unachohitaji ni bando na uvumilivu. Nimeitumia kama mwalimu. Nafundisha vijana kazi ya bati, yaani bodi ya ndege, ribiti (pini za kuunganishia mabati) na viraka, na nasema wazi kwamba sijapata kifaa kingine cha bure kilichonifaa kiasi hiki.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Kuna picha za duara zima, unasimama katikati ya ukumbi na kugeuka upande wowote. Mishale inakusogeza mbele, ramani ya jengo inakurusha kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na hapa na pale kuna alama ya kubofya ikupe maelezo zaidi. Ndege kadhaa zina picha za chumba cha rubani, ambazo ziko kwenye tovuti hiyohiyo. Kwenye simu inawezekana, ila kwa darasa tafuta laptopu na projekta. Mtandao wa kwetu ukilegea picha huanza na ukungu halafu hujisafisha taratibu, kwa hiyo mimi hufungua kumbi ninazozitaka mapema, kabla vijana hawajakaa.

Makumbusho yetu ya taifa pale Kitante, Kampala, nayapenda, hasa zile ala za muziki. Lakini ndege ya vita ni kitu kingine. Mtoto wa Entebbe anakua akisikia injini juu ya paa na kusimuliwa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomandoo wa Israeli walipotua na ndege nne za mizigo aina ya Hercules kuwachukua mateka wa ndege ya Air France, wakaziharibu MiG za Uganda, ndege za kivita za Kisovieti, palepale chini zisije zikawafuata angani. Hadithi anaijua. MiG-17 yenyewe, bati lake, mdomo wake ulio wazi kama chupa, hajaiona. Dayton wanazo zote mbili, MiG-17 na MiG-21, katika ukumbi wa vita vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mimi darasa huanzia hapo.

Zoezi la kwanza ninalowapa ni kuhesabu vile vibati vilivyosimama juu ya bawa la MiG-17, vinavyozuia hewa kuteleza kwenda nchani. Ni vitatu kila upande. Halafu tunahamia ukumbi wa vita vya Korea, iliko MiG-15 ambayo rubani wa Korea Kaskazini, No Kum-Sok, alitoroka nayo na kutua Kimpo, Korea Kusini, tarehe 21 Septemba 1953. Hapo wanahesabu tena: viwili. Kijana aliyehesabu mwenyewe hasahau tena tofauti ya ndege hizo mbili, hata zikiwa zimepakwa rangi gani.

Siku moja nilimkaribisha mzee mmoja wa Kitoro, mtaa wa hapa Entebbe, aliyekuwa fundi wa MiG miaka ya sabini. Alikuwa ameniambia hataki kuona vita. Nikamwambia, afande, hakuna vita hapa, ni bati tu. Akakubali. Nilipoiweka MiG-17 ukutani alinyamaza kidogo, kisha akanyanyua mkono. "Mwalimu, shusha. Shusha chini ya mdomo." Nikashusha. "Bunduki kubwa iko kulia, milimita 37. Hizi mbili za kushoto ni 23. Na zote tatu zinashuka pamoja." Akawaeleza vijana kwamba bunduki hizo zimefungwa kwenye sinia moja, na fundi huiteremsha sinia nzima kwa winchi na nyaya, akajaza risasi, akasafisha, akairudisha juu. Akawaambia pia kuhusu mstari mweupe uliochorwa wima kwenye dashibodi: ndege ikianza kuzunguka kama pia, rubani anasukuma usukani kuuelekea mstari ule bila kufikiri. Vijana walisahau simu zao. Nimekaa kwenye fani hii muda mrefu, na somo la matengenezo lililokolea namna ile silikumbuki jingine.

Hiyo ndiyo sababu napendekeza mtazame na mzee. Maelezo ya makumbusho yako kwa Kiingereza na ni mazuri, lakini yanahusu ndege ile iliyoko Ohio. Mzee wa hapa anajua iliyokuwa Entebbe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, ambalo ziara hii imenisaidia kulieleza kwa vijana: namna ya kuitunza ndege kuukuu. Watu wengi wanadhani kurejesha ndege ni kuipiga msasa na kuipaka rangi mpya ing'ae. Nimeona ndege zilizostaafu zikiwekwa nje kwenye sehemu za starehe kando ya ziwa, zinapakwa rangi juu ya rangi, watoto wanapanda mabawani, na kila mwaka zinaoza kutokea ndani. Kutu ya alumini si nyekundu. Inatoka kama unga mweupe, na mara nyingi rangi inavimba kwanza, ukibonyeza kwa kidole bati linazama. Bati la ndege nyingi ni duralumini, alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu. Shaba hiyohiyo ndiyo inayoialika kutu. Kwa hiyo kiwandani bati hufunikwa tabaka jembamba sana la alumini safi pande zote mbili, na tabaka hilo ndilo ngao. Ukija na msasa wa mashine ili ndege ipendeze kwa ajili ya sherehe, ngao umeiondoa. Utaipata inang'aa Jumapili, na misimu michache ya mvua ikipita utaanza kuona unga.

Ziwa letu halina chumvi, na hiyo ni bahati. Lakini unyevu wake unatosha. Mvua ya Entebbe haihitaji kueleza. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi: wanakufa kwa maelfu, wanajaa kwenye viungo vya bawa na kuziba vitundu vya kutolea maji chini ya bodi. Nyigu nao hujenga viota vya udongo ndani ya mirija. Uchafu huo unashika maji kama sifongo, na bati linalala kwenye maji mwaka mzima. Bolti ya chuma iliyopita kwenye alumini yenye maji inakuwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini.

Ndiyo maana nawapeleka vijana kwa Memphis Belle. Hii ni B-17F, ndege ya mabomu iliyomaliza safari 25 za mashambulizi Ulaya mwaka 1943 na kurudishwa Marekani kuwazungukia wananchi wanunue hati za mkopo wa vita. Ilikuwa maarufu kupita kiasi. Na bado, vita vilipokwisha, ilikaa miaka mingi nje katika mji wa Memphis, mvua ikainyea, na watu wakang'oa vipande vya kumbukumbu kwenda navyo nyumbani. Ilihamishiwa Dayton mwaka 2005, ikafanyiwa kazi hadi ikafunguliwa kwa umma tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili tangu marubani na wenzao waliokuwa nayo walipomaliza safari yao ya 25. Nawauliza vijana: kama nchi tajiri namna ile iliiacha ndege yake mashuhuri ikaoza nje, sisi tusio na hangari la makumbusho tujilaumu au tujifunze? Mimi nasema tujifunze. Paa kwanza. Rangi baadaye, tena ikibidi.

Ukumbi huo wa Vita Kuu ya Pili una hadithi nyingine inayotuhusu sisi wa bara hili. Ni vifaa vilivyotolewa kwenye Lady Be Good, ndege ya mabomu aina ya B-24 iliyoondoka Libya tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kushambulia Naples. Wakati wa kurudi usiku ikapitiliza kituo chake bila wenyewe kujua, ikaingia jangwani, mafuta yakaisha, watu tisa wakaruka kwa miavuli. Ndege ikajitua yenyewe mchangani, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani. Watafuta mafuta waliiona kutoka angani mwaka 1958. Waliofika pale baadaye walikuta redio na bunduki bado zinafanya kazi. Hakuna aliyeitunza hata siku moja. Wale wanaume wote tisa walikufa, na mwili wa mmoja wao haujapatikana mpaka leo. Hilo nalisema kwanza darasani, kabla ya habari za bati, kwa sababu ndilo kubwa. Kisha ndipo nauliza: kwa nini chuma kilibaki? Hakukuwa na maji. Fundi wa Entebbe akielewa hapo, ameelewa nusu ya kazi ya makumbusho.

Kinyume chake kiko Uingereza, na hiki hukitafuta kwingine kwa sababu hakimo kwenye ziara ya Dayton: ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17 iliyonyanyuliwa kutoka chini ya bahari ya Goodwin Sands mwezi Juni 2013, baada ya kulala humo tangu 1940. Makumbusho ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, yaliipeleka kwenye kituo chake cha Cosford na kuiweka kwenye mahandaki ya nailoni ikinyunyiziwa maji yenye asidi ya limau kidogo, ili chumvi itoke polepole na kutu isimame. Hawakutaka kuifanya mpya. Mimi naungana nao kabisa. Memphis Belle iliporwa na kuharibiwa baada ya kazi yake, hivyo kuirudishia sura ya 1943 kuna mantiki. Dornier ilipata majeraha yake vitani. Ukiyaziba umefuta ushahidi. Kwa msimamo huohuo, matundu ya risasi kwenye mnara wa uwanja wa zamani hapa Entebbe yasije yakapigwa plasta na fundi mwenye nia njema.

Ndani ya ziara utakutana pia na Bockscar, B-29 iliyoangusha bomu la atomu Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Iko pale ukumbini, rangi ya fedha tupu, safi. Nasimama hapo kwa makusudi na kuwapa vijana muda. Ufundi wake ni wa kuvutia, na watu walioteketea chini yake walikuwa raia wengi mno. Makumbusho yanayoonyesha ndege ya vita yanabeba vyote viwili. Mwenzake, Enola Gay, iliyoangusha bomu la Hiroshima, ilianza kurejeshwa mwaka 1984 na haikuonyeshwa ikiwa nzima hadi 2003, na katikati ya safari hiyo, mwaka 1995, Wamarekani wenyewe waligombana vikali juu ya maneno gani yaandikwe kando yake. Kwa hiyo atakayeandika kibao cha MiG hapa kwetu ajue kwamba kibao ni kazi nzito sawa na bati.

Kuna ambavyo picha yoyote haiwezi kukupa, na mnunuzi wa bando ajue mapema. Huwezi kulala chini ya tumbo la ndege kutazama nafasi yanamokunjwa magurudumu, na fundi hujua hali ya ndege kwa kutazama chini, si juu. Huwezi kugonga bati usikie mlio. Hunusi mafuta. Kwa mafunzo ya bodi nimelazimika kuongeza mabati halisi darasani, mapya na yaliyooza, vijana wayashike huku picha ikiwa ukutani. Na jambo la usalama: mita za dashibodi za wakati ule mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiumu, madini yanayotoa mionzi ya hatari, ili mishale ing'ae gizani. Kijana akipenda alichoona halafu akakutana na mita kuukuu sokoni, asiifungue kioo wala kuikwaruza.

Ukitaka kuanza, usianze na lango kuu, utachoka kabla hujafika mbali. Fungua ramani, nenda moja kwa moja Asia ya Kusini-Mashariki kwenye MiG mbili, rudi Korea, kisha Vita Kuu ya Pili. Chumba cha rubani kiache mwisho. Hercules zipo pia, ikiwemo moja iliyogeuzwa kuwa ndege ya mizinga, na mtu wa Entebbe lazima ataiulizia. Tumia bando la usiku. Na kama una mzee karibu, mpe kiti cha mbele na umwachie kipanya.