Wamenipeleka mtihani wa daraja E na lori linalovuja upepo

Nilikuwa nimeshaamua kuyaacha yapite. Juzi nikapita Kizota, nikaliona lori lilelile limebeba wanafunzi wengine, hasira ikanipanda upya. Chuo chenyewe sikitaji, lakini kama uko Dodoma na unatafuta leseni ya magari makubwa ya mizigo, soma.

Nimeendesha Kanta, lori dogo, miaka mingi, mahindi ya Kibaigwa nimeyabeba sana. Tajiri akaniambia nikipata E ananipa semi, lori la tela, ya kwenda Mwanza. Nikalipa ada yote, na ofisini walitamka wenyewe kwamba gari la mtihani limo humo humo.

Siku ya mtihani lori likaletwa. Nikapanda, nikawasha, macho kwenye geji ya upepo wa breki. Upepo unapanda kwa kusuasua, unagota katikati. Kanyaga breki, mshale unaporomoka. Taa nyekundu haizimiki, buza inalia tu. Zima injini, unasikia upepo unavyotoka nyuma kushoto. Aliyeendesha magari ya upepo anajua maana yake: breki ya mguu inakosa nguvu, na upepo ukiisha zaidi, springi zinafunga magurudumu na unakwama palepale, hata kama ni katikati ya barabara.

Trafiki aliyekuwa anapima akalizunguka, akainama, akasikiliza. "Kijana, shuka. Hili silipimii mtu." Alinikaripia kama vile lori ni la baba yangu, lakini simlaumu hata kidogo. Amefanya kazi yake.

Kilichoniuma ni meneja. Nimemfuata kwa adabu, nimemwamkia, nikamweleza. Hata kichwa hakuinua kwenye simu. "Wewe umekuja kujifunza udereva au ufundi? Wenzako wanafaulu na gari hilohilo." Nikamwomba basi nirudishiwe hela ya gari la mtihani. Akasema risiti yangu imeandikwa "mafunzo", gari zima nikatafute la kwangu.

Wenzako wanafaulu na gari hilohilo! Maana yake kuna mtu amezoea kuona taa nyekundu inawaka na kuondoka nayo. Kesho huyo huyo anashuka mlima Sekenke na semi imejaa saruji, na mbele yake kuna basi la abiria.

Nilitaka niandike msikanyage pale kabisa. Lakini mzee anayefundisha pale sijapata kuona mfano wake. Amenifundisha kurudi nyuma na tela kwa vioo tu, na kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, siyo ukiwa katikati. Tena ile chemba ya breki inayovuja alishairipoti ofisini muda mrefu, wakamwambia avumilie. Kwa mafundisho nendeni, mtajua kazi. Hapana, ngoja. Mwalimu mzuri ndani ya gari lisilosimama ananisaidia nini? Msiende. Au mkienda, kabla ya kutoa hela ombeni lori liwashwe mbele yenu, upepo ujae, lizimwe, msikilize. Halafu risiti iandikwe "na gari la mtihani", kwa kalamu, mkiwa mmesimama palepale.

Mtihani nitaurudia na lori la tajiri, ameshakubali. Mzee akihamia chuo kingine namfuata hukohuko. Kwa yule meneja narudi kwa jambo moja tu, hela yangu.