Bramble: nyumbani au kwenye kibanda cha gemu?

Kwa bei, vibanda vya Majengo na Kisauni, Mombasa, vinashinda: unalipia muda tu, na mashine ikiharibika si mzigo wako. Lakini Bramble: The Mountain King, gemu ya Uswidi ya 2023, hutisha kwa sauti. Mvulana Olle akimsaka dadake Lillemor hukutana na Näcken, jini wa majini mpiga fidla, na fidla ile yataka kimya. Kibandani wenzako wanashangilia bao!

Nyumbani unaisikia yote, ila kompyuta iwe na kadi nzuri ya picha, na kwa joto la Mombasa feni yake isafishwe vumbi. Stima ikipotea, afadhali laptopu.

Kama watoto wamejaa sebuleni, nenda kibandani. Damu ni nyingi mno. Mwenye chumba chake achezee humo.