Sukari guru ya Mbuyuni: nimepikia mwezi mzima, haya ndo niliyoyaona

Nimekaa mwezi mzima bila kununua sukari nyeupe, natumia sukari guru tu, yale mabonge ya sukari ya miwa isiyosafishwa, na hapa Moshi hiyo ni kama usaliti maana kiwanda cha sukari cha TPC kipo hapo chini tu Arusha Chini na miwa tunaipita barabarani. Ila kuipata guru yenyewe ilibidi niulizie soko zima la Mbuyuni mpaka nikaelekezwa kwa mama mmoja anayeuza viungo na dagaa. Akaniangalia juu mpaka chini akaniuliza, "manka, unapikia gongo?" Nikacheka nikamwambia hapana mama, nataka ya chai. Akasema basi chukua hii nyeusi, ile nyingine ni ya wapika pombe.

Bonge lenyewe lina rangi kama ya kahawa, limefungwa kwenye jani la mgomba limekauka kabisa, ukilinusa unapata harufu ya muwa uliochomwa na moshi kidogo. Kisu hakipiti. Nililifunga kwenye kitambaa nikalitwanga na mchi, vipande vikaruka hadi chini ya friji, siku ya pili sisimizi wote wa Kilimanjaro wapo jikoni kwangu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: ukishatwanga weka kwenye kopo linalobana, maana pia inavuta unyevu, mvua zikianza inalowa yenyewe inanata kama lami.

Na lazima uchuje. Hii kitu ni maji ya miwa tu yanachemshwa kwenye karai mpaka yanaganda, ile molasesi haitolewi kama kiwandani, sasa uchafu nao unabaki humo humo. Mi nayeyusha kwenye maji ya moto napitisha kwenye chujio la chai, na kila mara chini nakuta nyuzi za muwa na vichanga. Siku moja nilikuta kamguu ka mdudu, sitaki kusema zaidi.

Sasa utamu. Kwenye uji wa ulezi hii kitu haina mpinzani, yaani ulezi una ile ladha yake na guru inaleta kama ladha ya karameli, watoto wangu wanakwangua bakuli. Chai ya rangi ya tangawizi na mdalasini safi sana. Kashata za karanga ndo usiseme, unayeyusha guru na vijiko viwili vya maji, unadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likiwa laini ujue bado, likigonga kikombe "ti" na kuvunjika hapo mwaga karanga haraka haraka, usisubiri hata kupokea simu. Maandazi yanatoka ya kahawia, matamu, ila yanaungua upesi kwa hiyo punguza moto.

Chai ya maziwa ndo iliniaibisha. Mama mkwe kaja Jumapili katoka Kibosho, nikachemsha maziwa mazuri kabisa nikatumbukiza guru humo humo jikoni, yakakatika, mabonge mabonge kama mtindi ulioharibika! Mama akatazama sufuria akasema taratibu, "mwanangu, haya maziwa ni ya lini?" Aibu yake sijui niisemeje. Kumbe guru ina asidi kidogo, ikikutana na maziwa yanayochemka yanaganda. Sasa hivi naipua kwanza, naacha ipoe kidogo ndo natia guru iliyoyeyushwa, na haijanisumbua tena.

Nilijaribu pia ile ya pakiti kwenye duka moja mjini, ya njano inang'aa, bei karibu mara mbili ya bonge la Mbuyuni. Tamu tamu tu, haina harufu ya chochote, afadhali ningenunua sukari. Tena guru ya njano sana wengine huisafisha kwa kemikali ipendeze, kwa hiyo mi naamini nyeusi.

Halafu jamani kuna wale wanaouza wakisema ni dawa ya kisukari, kwamba mgonjwa anywe tu haina shida. Hapana aisee! Sehemu kubwa ya guru ni sukari ile ile, na inapandisha sukari mwilini vile vile. Madini yamo kidogo, ndio, lakini mpaka yakusaidie utakuwa umeshakula bonge zima. Baba yangu ana kisukari na simpi hata kipande.

Kwangu inabaki kwa uji, kashata na chai ya rangi, ila keki nyeupe na chai ya maziwa ya wageni nimerudia sukari ya kawaida. Ukienda Mbuyuni nenda asubuhi, mwambie mama akukatie kipande uonje kwanza, na ukihisi chumvi kwenye ulimi usinunue.